Kilomita 175 kati ya Mwanza na Bukoba

Msikilizaji, kati ya uwanja wa ndege wa Mwanza na ule wa Bukoba pana kilomita kama 175 kwa mstari ulionyooka, na sehemu kubwa ya mstari huo imelala juu ya maji ya Ziwa Victoria. Hesabu yake haimhitaji mtaalamu wa anga. Chukua atlasi ya shule: Mwanza na Bukoba zimeachana dakika kama 67 za latitudo, na zimeachana dakika 67 hizohizo za longitudo. Huku kwetu karibu na ikweta, dakika moja ya nyuzi, upande wowote ule, ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Kwa hiyo rubani anayeondoka Mwanza huelekea kaskazini-magharibi barabara, hazidishi kaskazini wala magharibi, na mwanafunzi anayekumbuka kanuni ya Pythagoras atapata maili 95 za baharini kwa penseli na karatasi. Umbali, basi, hauna ubishi. Haujabadilika tangu ndege ya kwanza ilipotua Bukoba, na kesho utakuwa uleule.

Ubishi uko kwenye muda. Ndege zilizozoeleka katika njia hii ni za pangaboi, na ATR 42-500, mojawapo ya hizo, ikishatulia angani huweza kwenda kilomita 550 kwa saa. Gawanya 175 kwa 550, utapata dakika 19. Lakini ratiba humwandikia abiria dakika 40 hadi 45. Zaidi ya nusu ya muda huo haielezeki kwa umbali wala kwa mwendo wa ndege. Wapo wanaosema kampuni za ndege hujiongezea dakika za bure ili zisionekane zimechelewa. Wapo wanaosema ndege zenyewe ni za polepole, tuletewe jeti. Mimi nasema hivi: kati ya viwanja viwili vilivyo jirani, muda wa safari hutengenezwa ardhini kuliko angani. Hutengenezwa kwenye lami, kwenye mnara wa kuongozea ndege, kwenye taa na kwenye vyombo vya kupimia hali ya hewa, na anayetaka kuufupisha muda huo apeleke fedha na lawama zake huko.

Tuanze na dakika zenyewe. Muda unaoandikwa kwenye ratiba hauanzi ndege inapopaa. Unaanza pale vizuizi vinapoondolewa mbele ya magurudumu na ndege ikaanza kusogea, na unakoma inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Hapo katikati kuna mambo mengi yasiyojali kama safari ni ya kilomita 175 au 1,750. Ndege hujivuta kwenye lami mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, na Mwanza njia hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 3, hivyo kulifikia lango lake kutoka jengo la abiria ni safari ndogo ya peke yake. Husubiri ruhusa ya mnara, na kama kuna ndege ya Dar es Salaam inayokaribia kutua, itangoja ile itue na kupisha. Ikishapaa haiendi kwa ule mwendo wa 550, maana nguvu ya injini wakati huo inatumika kuinua chombo, na mwendo wa kwenda mbele huwa mdogo. Katika safari fupi namna hii, kupanda peke yake hula sehemu kubwa ya njia, na wahudumu hawajamaliza kugawa maji rubani tayari ameanza kuteremka. Bukoba nako kuna yake. Njia ya kurukia ni fupi, kama kilomita moja na nusu, ziwa liko pale pale kando na mji umezungukwa na vilima. Rubani hawezi kuja mbio akajitupa. Hupunguza mwendo mapema, hujipanga, pengine huzunguka ili atue akiukabili upepo. Ule mwendo wa kilomita 550, ambao ndio tulioutumia kugawanya, ndege huushika kwa dakika chache tu za katikati.

Anayedhani hili ni tatizo la Bukoba peke yake aangalie njia nyingine. Dar es Salaam na Zanzibar, uwanja kwa uwanja, zimeachana kilomita 73 hivi, na ratiba huweka dakika 20 hadi 25. Nairobi na Kisumu, ukiondokea uwanja wa Jomo Kenyatta, ni kilomita kama 280, na ratiba huweka dakika 45 hadi 50. Dar es Salaam na Mwanza ni kilomita 850, na jeti huchukua saa moja na nusu hivi. Ziweke pamoja uzitazame. Safari ya Kisumu inaizidi ya Bukoba kwa kilomita mia moja, lakini dakika ni karibu zilezile. Kutoka Dar, Mwanza iko mbali karibu mara kumi na mbili ya Zanzibar, lakini muda unakua kama mara nne tu. Ukizigeuza tarakimu hizi kuwa mwendo wa wastani, utacheka: ndege ya Zanzibar inakwenda kilomita kama 175 kwa saa, ya Bukoba kama 235, ya Mwanza zaidi ya 560. Injini hazina kosa. Ni habari ya daladala iliyokaa stendi nusu saa ikijaza abiria, kisha ikawashusha kituo cha tatu: hata umpe usukani dereva wa mashindano, hawezi kuirudisha ile nusu saa. Kila ndege, ya safari fupi na ya safari ndefu, inatumia karibu dakika zilezile kutoka na kuingia uwanjani, ila ya safari ndefu ina kilomita nyingi za kuzigawania dakika hizo.

Vikokotoo vya umbali tunavyovitumia kwenye simu vinalijua jambo hili kimyakimya. Baadhi yake vina kanuni moja kwa dunia nzima: vinagawanya umbali kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa, kisha vinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Kwa Mwanza na Bukoba kanuni hiyo inatoa dakika 13 za mwendo na 30 za nyongeza, jumla 43. Jibu hilo linaifikia ratiba karibu kabisa, lakini angalia limepitia wapi. Limehesabu aina ya ndege isiyotumika katika njia hii, kisha likabandika nusu saa ambayo haikupimwa Mwanza wala Bukoba. Ukiruka kutoka Dar es Salaam kwenda Dubai, nusu saa hiyo ni kitu kidogo, hata ikikosewa hakuna atakayegundua. Hapa ni zaidi ya theluthi mbili ya safari nzima. Na ndiyo sehemu ya safari inayobadilika kila siku kwa mvua, kwa foleni ya ndege, kwa upungufu wa watumishi, kwa gari la mizigo lililogoma kuwaka. Kikokotoo kinaiandika kama tarakimu iliyosimama mahali pamoja. Uwanjani hakuna tarakimu ya namna hiyo.

Sasa tuwasikilize wanaodai jeti. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: ndege ikienda kasi, safari inapungua. Tuipime. Tuseme katika kilomita 175 hizi, kilomita 100 ndizo ambazo ndege inakwenda kwa mwendo wake kamili, nami hapo nawakadiria kwa ukarimu. Kwa mwendo wa 550, kilomita 100 ni dakika kama 11. Kwa mwendo wa 800, ni dakika saba na nusu. Tumeokoa dakika tatu na nusu. Kwa ajili ya dakika hizo tatu na nusu itabidi turefushe njia ya kurukia upande ambao ziwa na mji vimeshaubana, na tuchome mafuta ya jeti ambayo haitapata hata nafasi ya kufika kimo kinachoifaa. Abiria aliyechelewa kukaguliwa mkoba mlangoni amezipoteza dakika hizo kabla hajaketi.

Hata hivyo sitaki kuwaonea. Wakizungumzia safari ya Dar es Salaam hadi Bukoba moja kwa moja, hesabu inageuka. Hapo umbali unazidi kidogo kilomita 1,000, na tofauti kati ya pangaboi na jeti ni nusu saa na ushee, achilia mbali kituo cha Mwanza ambacho kingerukwa. Mjadala wa miaka mingi kuhusu kujenga uwanja mpya mkubwa huko Omukajunguti, nje ya mji, una haki yake kwa kipimo hicho, pamoja na habari ya mizigo na samaki. Lakini huo ni mjadala wa kuiunganisha Kagera, mkoa iliko Bukoba, na Dar na nchi za nje. Tusiuchanganye na wa kuunganisha mikoa miwili iliyotenganishwa na ziwa. Mara nyingi wanasiasa huuliza swali la kwanza na kujibu la pili, na mwananchi huondoka mkutanoni akidhani kwamba lami ndefu itamfikisha Mwanza mapema.

Kitu kinachozila dakika za Bukoba kuliko mwendo wa ndege ni mawingu. Ziwa Victoria lina tabia yake ya usiku. Mchana nchi kavu hupata joto na mvua hunyesha zaidi pembezoni, juu ya ardhi. Usiku mambo hupinduka: maji hubaki na joto huku ardhi ikipoa, pepo za nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuingia ziwani, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu hupanda ikawa mawingu mazito ya radi. Kwa kuwa upepo mkuu wa eneo hili hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa kuelekea mwambao wa magharibi, na huko ndiko iliko Bukoba. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka wakati Mwanza, ng'ambo ya pili ya maji hayohayo, hupata kama nusu yake. Na ndiyo maana mvua nyingi ya Bukoba hunyesha alfajiri na asubuhi. Sasa fikiria ratiba. Kampuni inataka ndege yake ianze kazi mapema, iende na kurudi, ipate safari nyingi kabla ya jioni. Ndege ya kwanza ya siku, ambayo wafanyabiashara na watumishi wa serikali huipenda kwa sababu inawapa siku nzima ya kazi, ndiyo inayofika Bukoba wakati ziwa halijamaliza shughuli zake za usiku.

Uwanja unaomtegemea rubani aione njia kwa macho hauna namna ya kupambana na hali hiyo. Mawingu yakishuka, rubani ana mambo mawili halali ya kufanya: kuzunguka angani akisubiri, au kurudi alikotoka. Dakika 45 zinaweza kuwa saa nzima, au zikawa saa mbili zinazomalizikia palepale zilipoanzia, Mwanza. Wote tunakumbuka Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42-500 iliyokuwa na watu 43 ikitokea Dar es Salaam ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba asubuhi yenye hali mbaya ya hewa, wakafa watu 19. Sitaingia katika sababu za ajali ile, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nataja mambo mawili tu yaliyo wazi kwa kila mtu. Kwanza, ilitokea asubuhi, katika saa zilezile ambazo ziwa ni korofi. Pili, waliotangulia kuifikia ndege walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Uwanja uliojengwa kando ya maji unapaswa kuwa na watu na vyombo vya kuokoa majini kama ulivyo na gari la zimamoto, na hilo nalo ni jambo la ardhini.

Hapa nitaulizwa swali zito. Je, kuhesabu dakika hivi hakuwezi kumsukuma rubani atue wakati anapaswa kurudi? Ni kweli kwamba kumhimiza rubani ni hatari, na ni kweli pia kwamba msukumo haupiti lazima kwa amri. Unaweza kupita kwa minong'ono ya abiria, kwa simu ya ofisini, kwa kujua kwamba ndege hiyohiyo inasubiriwa mahali pengine. Lakini msukumo huo unazaliwa na ahadi isiyotekelezeka. Ukimwambia abiria kwamba Bukoba ni dakika 19, kila dakika ya kuzunguka itaonekana uzembe. Ukimwambia ni dakika 45, na kwamba asubuhi za masika zinaweza kuwa zaidi, umempa rubani nafasi ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo wale wanaolalamika kwamba kampuni zinajaza dakika kwenye ratiba, nawakubalia kwamba zinajaza, ila sioni kosa. Kosa lingekuwa kuziondoa. Kinachotakiwa ni kuondoa sababu zinazofanya dakika hizo zihitajike.

Miongoni mwa sababu hizo, giza lina hesabu yake ya pekee. Uwanja usio na taa, kama ulivyokuwa wa Bukoba kwa miaka mingi, hufunguliwa na jua na kufungwa na jua. Bukoba iko magharibi mwa nchi, jua huchomoza kama saa moja kasoro dakika kumi asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Saa kumi na mbili zinaonekana nyingi. Lakini ndege inayokwenda Bukoba haikai Bukoba. Inazunguka: Dar, Mwanza, Bukoba, Mwanza, Dar, na pengine njia nyingine katikati. Mvua ya asubuhi ikiichelewesha saa moja, saa hiyo inabebwa kwenda kila kituo, na abiria wa jioni ambaye kwake hakujanyesha hata tone anaambiwa kwa kipaza sauti kwamba safari imeahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Kwenye uwanja wenye taa, saa moja ya kuchelewa ni saa moja. Kwenye uwanja wa mchana, saa moja ya kuchelewa jioni inakuwa usiku mzima na hoteli juu yake. Hakuna jeti inayoweza kuiokoa saa ya namna hiyo, balbu zinaweza.

Tutoke sasa ndani ya ndege, kwa sababu abiria hasafiri kutoka lami hadi lami. Mwanza uwanja uko kilomita kama kumi kutoka katikati ya jiji, tuseme nusu saa barabara ikiwa na watu. Utatakiwa uwe umefika saa moja au zaidi kabla ya kuondoka. Safari ni dakika 45. Kushuka na kungoja mizigo ni robo saa au dakika ishirini. Bukoba ina bahati, uwanja uko mjini, bodaboda inakufikisha sokoni kwa dakika chache. Jumla ni karibu saa tatu. Kwa hiyo anayelinganisha dakika 45 za ndege na siku nzima ya basi analinganisha vitu visivyofanana. Barabara ya kuzunguka ziwa kupitia Sengerema, Geita na Biharamulo hadi Muleba na Bukoba ina zaidi ya kilomita 400. Basi linaloheshimu mwendo wake wa kisheria wa kilomita 80 kwa saa haliwezi kufika chini ya saa tano hata lisiposimama popote, na mabasi yetu husimama. Zamani ilibidi uongeze foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, ambayo ilikuwa na saa zake. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita kama 3 linavuka hapo, na kuvuka kumekuwa jambo la dakika chache.

Daraja hilo ni ushahidi mzuri kuliko wote niliotaja. Halikupunguza urefu wa barabara kwa kiasi cha maana. Halikuongeza mwendo wa basi lolote. Limeondoa kusubiri, basi, na kwa kuondoa kusubiri limemrudishia msafiri muda ambao hakuna injini mpya ingeweza kumpa. Viwanja vya ndege vinahitaji fikra hiyohiyo.

Wapo watakaoipindua hoja hii: kama barabara imefunguka, ya nini kuhangaika na viwanja vidogo? Kwa baadhi ya watu wana haki. Mkazi wa Biharamulo hana sababu ya kupanda kaskazini hadi Bukoba ili aruke kurudi kusini-mashariki. Basi linampitia mlangoni. Hata wa Muleba atapiga hesabu mara mbili. Lakini kwa aliyeko Bukoba mjini, Missenyi au Karagwe, ndege bado inaokoa saa tatu au nne, na kwa wengine saa hizo si anasa. Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza ndiyo hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na wagonjwa wa Kagera hupelekwa huko. Mgonjwa asiyeweza kuketi saa saba kwenye basi hana njia nyingi. Meli ipo, ile MV Victoria ya zamani iliyokarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, nayo hukata maji usiku kucha kati ya Bukoba, Kemondo na Mwanza, kwa nauli nafuu na kitanda. Lakini watu wa kandokando ya ziwa hili hawajaisahau MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, ikaua mamia ya watu. Mkoa uliopitia hayo unahitaji njia zaidi ya moja, na kila njia iwe ya kutegemewa.

Kutegemewa ndilo neno ninalotaka wapangaji walisikie. Msafiri mwenye jambo la lazima hapangi safari yake kwa muda wa wastani. Hupanga kwa muda mbaya kuliko yote anaouogopa. Mwenye kesi mahakamani saa tatu asubuhi, mwenye miadi na daktari bingwa anayeonekana mara moja kwa wiki, mwenye mahojiano ya kazi, wote hawa wakijua kwamba ndege ya asubuhi huweza kurudi ilikotoka, wataondoka jana yake. Kwao safari ya dakika 45 imekuwa safari ya siku moja pamoja na malazi. Ukiwaondolea wasiwasi huo, umewapunguzia saa kumi na tano bila kugusa kasi ya ndege. Wanaojadili dakika tatu na nusu za jeti wanapita karibu na hazina hii bila kuiona.

Pingamizi la mwisho ni fedha. Nitaambiwa mitambo ya kumwongoza rubani atue bila kuona ni ghali, na kwa uwanja wenye ndege chache kwa siku haitarudisha gharama. Kwa mitambo ya zamani, ile ya minara na antena za redio zinazofungwa kando ya njia na kuhitaji mafundi wake, pingamizi hili lina nguvu. Lakini usafiri wa anga umehama. Kuanzia mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limekuwa likizitaka nchi wanachama zitengeneze njia za kutua zinazoongozwa kwa setilaiti. Njia ya namna hiyo haihitaji antena uwanjani. Inahitaji wapimaji waipime ardhi, vilima na minara ya simu kwa usahihi, wataalamu wachore njia, mamlaka iithibitishe, ndege ziwe na vifaa na marubani wawe na mafunzo. Haitamwezesha rubani kutua kwenye ukungu mzito, na Bukoba vilima vyake vitaiwekea mipaka, nakubali. Lakini inamshusha katikati ya mawingu kwa mpangilio unaojulikana mpaka kimo fulani, badala ya kumwacha atafute tundu. Ongeza taa. Ongeza kituo cha hali ya hewa kinachopima upepo, mvua na kimo cha mawingu palepale uwanjani kila dakika, na mtu wa kuzisoma tarakimu hizo, zikiunganishwa na rada ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa inayo Mwanza. Rubani aliyeko Mwanza akijua kabla ya kuwasha injini kwamba Bukoba imefunga na itafunguka baada ya dakika arobaini, atakunywa chai badala ya kuchoma mafuta akizunguka juu ya ziwa. Abiria wake watakuwa wamechelewa dakika zilezile, lakini wakiwa wameketi salama kwenye viti vya jengo.

Kuna jambo moja dogo lisilohitaji hata bajeti. Katika biashara ya ndege duniani, safari huhesabiwa imefika kwa wakati kama haijachelewa kwa dakika 15. Kwa safari ya ndege inayochukua muda wa saa nane, kipimo hicho ni kikali. Kwa ndege ya dakika 45, kinaruhusu kuchelewa theluthi nzima ya safari na bado ukasifiwa, huku kikinyamaza kuhusu safari zilizofutwa. Kwa njia za mikoa kingefaa kipimo kingine: katika kila safari mia zilizouzwa mwezi uliopita kati ya Mwanza na Bukoba, ni ngapi zilimfikisha abiria siku ileile, na ni ngapi zilimfikisha ndani ya saa moja ya muda ulioandikwa, asubuhi na jioni kila moja kivyake. Kampuni zina takwimu hizo na waongozaji wa ndege wanazo kwenye kumbukumbu za mnara. Zikichapishwa kila mwezi pembeni ya nauli, mtu wa Kashai, Bukoba mjini, anayetakiwa Bugando Jumatatu saa tano asubuhi ataweza kuamua mwenyewe kama akate tiketi ya ndege ya siku hiyo au apande basi la Jumapili.